Mpira wa Kinanda cha Bibi Nyanjige

Jumapili nyumbani kwa kina Esteria ilikuwa na utaratibu wake. Wakitoka kanisani, Esteria alivua gauni zuri, akavaa la nyumbani, akaenda bombani kuchota maji. Akirudi alisugua masufuria kwa majivu na kufagia uwanja wote mpaka kwenye ua wa minyaa. Ndipo alipopewa chakula, nacho alikila harakaharaka, maana kila mtu pale Nkololo alijua kinachofuata. Bibi Nyanjige angenawa mikono, angeingia chumbani kwake na kutoka amekumbatia kinanda.

Kilikuwa kinanda cha santuri, si cha kupiga kwa vidole. Kisanduku cha kijivu chenye mfuniko, spika yake ikiwa imefichwa ndani ya huo mfuniko. Katikati palikuwa na sahani ya duara ya kuwekea santuri, na pembeni mkono mwembamba wenye sindano. Kilitumia mawe ya redio, yaani betri. Vijana wa siku hizi, wenye nyimbo elfu kwenye simu, walikicheka. Wacha wacheke. Bibi Nyanjige alikuwa na santuri moja tu, na hakutaka nyingine.

Ndani ya santuri hiyo alikuwamo mumewe. Mzee Mayunga alikuwa ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo za ngoma, na miaka ya sabini kundi lake lilisafirishwa hadi Nairobi kurekodi. Alifariki kabla Esteria hajazaliwa, na hakuacha hata picha moja. Kwa hiyo Esteria hakuujua uso wa babu yake, lakini sauti yake aliijua vizuri. Ilikuwa sauti pana, iliyotulia, sauti ya mtu asiye na haraka na asiyemwogopa yeyote.

Katika wimbo ule babu aliuliza kwa Kisukuma, "Wenzangu, mko wapi?" Sauti ya mwanamke, nyembamba na kali, ikamjibu, "Tupo hapa, hatujaondoka!" Mwanamke huyo alikuwa Milembe, jirani yao, mjane asiye na mtoto, ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya ua wa minyaa. Kila Jumapili Milembe alikuja na kufikia kwenye kigoda chake kilichokaa pale pale uwanjani mwaka mzima.

"Mwadila, mayu!" angesalimia, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Mwadila! Umechelewa," Bibi angemjibu. "Mume wangu anakungoja umwitikie, nawe unajipodoa."

"Mumeo nimemwitikia tangu sina mvi. Mwambie apumzike na yeye!"

Wangecheka mpaka wakashika mbavu. Kisha Milembe aliifuta santuri kwa pindo la kitenge chake, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso. Kazi hiyo ilikuwa yake. Bibi aliweka sindano. Watu wengine wote walikatazwa kugusa.

"Kinanda hiki kina wenyewe wawili," Bibi alikuwa akisema. "Mwingine akikigusa, mimi na yeye tutaonana wabaya."

Sasa sikiliza kilichotokea.

Shuleni, wasichana wa darasa la sita walikuwa wameshikwa na mchezo wa kuruka mpira. Kila mmoja alileta mipira yake, wakaiunganisha ikawa kamba ndefu, wawili wakaivaa kiunoni na wengine wakaruka. Kiongozi wa mchezo alikuwa Joyness, binti wa mwenye duka, msichana mwenye sauti ya kuamrisha.

"Esteria, mpira wako uko wapi?" Joyness aliuliza.

"Sina."

"Basi kaa pembeni utuhesabie. Hapa hatuchezi kwa huruma."

Wenzake wakacheka. Esteria akakaa pembeni akahesabu, huku uso unawaka moto. Ndipo alipokumbuka kitu. Siku moja Bibi alipokuwa anafuta vumbi, aliinua ile sahani ya kinanda, na chini yake Esteria aliona mpira mweusi, bapa, mpana kama utepe, uliozungushwa vizuri kabisa. Ukiuazima siku moja na kuurudisha, nani atajua?

Kesho yake mama yake, Philomena, alikuwa shambani akivuna pamba, na Bibi alikwenda zahanati. Esteria aliinua sahani, akautoa mpira, akautia mfukoni mwa sketi. Shuleni Joyness aliupokea kwa macho makubwa.

"Huu ndio mpira! Umeutoa wapi?"

"Nyumbani."

Walirukia ule mpira mapumziko yote. Joyness aliuvuta, akauvaa kiunoni pamoja na mwenzake, wakarudi nyuma kila mmoja upande wake kuona utafika wapi. Ulifika mbali. Esteria alipourudishiwa jioni, ulikuwa umelegea kama lastiki ya soksi kuukuu. Alijaribu kuuzungusha pale ulipokuwa, ukaning'inia.

Lo! Akawaza afanyeje. Akamkumbuka baba yake mkubwa, Bujiku, ambaye kila msimu wa kulima ulipokaribia alizitoa kamba za ngozi za nira ya ng'ombe, zikiwa zimekakamaa na kujikunja, akazipaka mafuta ya pamba mpaka zikawa hai tena. "Kitu kikichoka kipe mafuta," Bujiku alikuwa akisema. Basi Esteria akamimina mafuta ya pamba kiganjani, yale ya kukaangia, akaupaka mpira ndani na nje. Uling'aa kama mpya. Akaurudisha, akaufunika na sahani, akanawa mikono, akaenda kufukuza mbuzi waliokuwa wakila mahindi.

Kama wewe unajua mipira, hapo umeshashika kichwa. Esteria hakujua. Alilala akiamini ameutengeneza.

Jumapili ilifika. Milembe akaja, akatania, akaifuta santuri kwa pindo la kitenge. Bibi akaweka sindano. Ngoma zikaanza, lakini zilianza vibaya, zikijikokota. Halafu babu akafungua kinywa, na ile sauti yake pana ikatoka nzito, ndefu, ikivutika na kuyumba, mara inazama, mara inapanda kidogo, kama mtu anayeugulia ndani ya shimo. "Weeenzaaanguuu..."

Milembe akapasuka kicheko. "Haya! Mayunga leo kalewa!"

Bibi Nyanjige hakucheka. Aliuondoa mkono wa sindano, akaurudisha mwanzo. Sauti ikawa ile ile. Safari hii na Milembe alinyamaza.

"Mawe yamekwisha," mama yake Esteria alisema. "Mawe yakichoka sauti hulegea hivyo hivyo."

Esteria akatumwa dukani kwa kina Joyness kuleta mawe mapya. Alikimbia huku akiomba kimoyomoyo iwe ni mawe. Wakayatia. Bibi akaweka sindano, na mumewe akaugulia tena.

Bujiku alikuwa ameketi pembeni akichonga mpini wa jembe. Aliuweka chini. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Bibi, mwenye ng'ombe wengi na hasira za karibu. "Mayu," alimwambia mama yake, "sauti ya marehemu haibadiliki bure. Mzee analalamika."

"Analia," Bibi alisema kwa sauti ndogo. "Mume wangu analia. Nimemkosea nini?"

"Si wewe uliyemkosea. Nani amegusa santuri kabla haijalia hivi?" Bujiku akamgeukia Milembe. "Nani ameifuta kwa kitenge chake? Na nani amecheka marehemu alipolia?"

"Bujiku, mwanangu!" Milembe alishtuka. "Naifuta kila Jumapili. Wewe ulikuwa unatambaa, mimi naifuta!"

"Nimeuliza tu."

Hakuwa ameuliza tu, na kila aliyekuwepo alilijua hilo. Milembe akamtazama Bibi Nyanjige, akingoja neno. Walikuwa wamepanda pamba pamoja, wamezikiana waume. Neno moja lingetosha. Bibi alifunga mfuniko wa kinanda, akakiinua, akaingia nacho ndani.

Na Esteria? Alisimama kwenye kona ya jiko, mikono nyuma. Nitasema kesho, alijiambia. Wakipoa nitasema.

Kesho haikuwapoza. Habari ilishafika bombani kabla ya ndoo ya kwanza kujaa: Milembe amemfunga marehemu Mayunga kwa uchawi ili amtese mjane wake. Milembe alipofika na ndoo yake, wanawake walisogea, wakamwachia nafasi kubwa kuliko aliyohitaji. Hakuna aliyemtukana. Walimwamkia kwa midomo tu, wakaondoka.

Shuleni Esteria alimvuta Joyness nyuma ya choo. "Joyness, ule mpira tuliochezea ulikuwa wa kinanda cha Bibi. Ndio uliokiharibu. Twende tukaseme."

"Twende na nani?" Joyness alirudi nyuma. "Mimi usinitaje. Mpira ulileta wewe, hukusema ni wa nini."

"Lakini wanamsingizia Bibi Milembe!"

"Mama amesema tusipite hata karibu na nyumba yake. Unataka tupigwe wote? Nyamaza, yataisha."

Esteria akanyamaza. Si kwamba aliyaamini maneno ya Joyness. Aliyapenda, kwa sababu yalimruhusu aendelee kuogopa.

Jioni moja watu wakiwa wanakula, jiwe lilitua kwenye bati la Milembe kwa kishindo, kisha likabiringika likaanguka. Mbwa wakabweka. Hakuna aliyetoka kuangalia. Mama yake Esteria aliweka tonge chini.

"Shemeji," alimwambia Bujiku, "tunajua wenyewe mambo haya huishia wapi. Vikongwe wamekufa kwa maneno madogo kuliko haya. Yule mama amefanya kosa gani?"

"Mimi nimerusha jiwe?" Bujiku akajibu. "Niko hapa nakula."

Esteria alikisukuma chakula chake pembeni.

Mwisho wa juma mpwa wa Milembe, kijana aitwaye Maganga, alikuja kutoka Migato na mkokoteni wa ng'ombe. Hakusalimiana na mtu. Alipakia kitanda, masufuria, magunia ya pamba na kuku waliofungwa miguu. Esteria na Bibi walikuwa wameketi uwanjani wakichambua pamba, safi huku, chafu kule. Mkokoteni ulipofika mbele ya ua, Milembe alimwambia Maganga asimame.

"Mwangaluka, mayu," alitoa salamu ya asubuhi.

Bibi Nyanjige aliendelea kuchambua.

"Mwangaluka, mayu Nyanjige," Milembe akasema tena, kwa sauti ya juu kidogo, ile ile aliyomwitikia nayo Mayunga.

Huko Usukumani, hata salamu ya adui huitikiwa. Kumnyima mtu salamu ni kumwambia hayupo. Milembe alisubiri, amesimama juani, mkono mmoja kwenye mkokoteni. Esteria alikuwa ameshika donge la pamba, akalifinya mpaka mbegu zikamuuma kiganjani. Maneno yalikuwa yamefika kooni: ni mimi, ni mimi niliyeharibu. Hayakupita. Milembe akafunga kitenge chake vizuri na mkokoteni ukaondoka.

Kigoda chake kilibaki uwanjani.

Siku zilizofuata Bujiku alianza kutafuta mbuzi mweusi wa kumpelekea mganga. Hapo mama yake Esteria alikataa katakata.

"Mama," alimwambia Bibi kwa heshima lakini bila kurudi nyuma, "redio ikikoroma tunaipeleka kwa fundi. Simu ikizima tunaipeleka kwa fundi. Hiki nacho kina waya na mawe. Tuanze kwa fundi. Akishindwa, mbuzi bado yupo."

Bibi alikuwa amekonda. Tangu siku ile hakukifungua kinanda. "Kipelekeni," alisema. "Nataka kumsikia tu."

Bujiku akasema naye atakwenda, ili amsikie fundi akishindwa kwa masikio yake mwenyewe. Esteria akaambiwa akikumbatie kinanda kwenye pikipiki, na njia nzima hadi Bariadi mjini alikibana kifuani. Laiti kingekuwa na mdomo, kingesema badala yake.

Fundi Dastan alikuwa na kibanda karibu na stendi, kimejaa redio zilizofunguliwa matumbo na spika za kila ukubwa. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye miwani na mdomo mwepesi. Alipokiona kinanda alitabasamu. "Karibuni sana. Hawa wazee siku hizi hawaji. Anaumwa nini?"

"Analia," Bujiku alisema. "Sauti ya marehemu baba inavutika."

"Tumsikilize." Fundi aliweka sindano, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Huu ni mwendo. Sahani inazunguka polepole kuliko inavyotakiwa. Binti, njoo unishikie."

Esteria alisogea. Fundi aliinua sahani akaiweka mikononi mwake.

"Ona. Hii ndogo ni mota. Inakwenda mbio, na juu yake kuna kigurudumu chembamba. Mpira huu unatoka kwenye kigurudumu, unaizunguka sahani kwa chini, na kuipa mwendo. Waliorekodi walipanga santuri ndogo kama hii izunguke mara arobaini na tano kwa dakika. Ikienda hivyo, unamsikia mtu kama alivyoimba. Ikizidi, baba mzima anaimba kama mtoto wa chekechea. Ikipungua, anakuwa mzito na kuvutika. Na mpira ukiteleza, mara ushike mara uachie, sauti inayumba. Marehemu hana shida yoyote, mzee. Mota inakwenda, mpira haushiki."

Mama yake Esteria alishusha pumzi ndefu. "Asante Mungu. Mpira umezeeka tu."

Fundi aliutoa mpira, akauvuta, akauachia. Kisha akaunusa. Akaupeleka tena puani, uso ukibadilika.

"Haujazeeka tu. Umevutwa kwa nguvu. Halafu umepakwa mafuta, mafuta ya pamba haya. Mpira wa kinanda haupakwi mafuta hata tone! Ngozi inapenda mafuta, mpira unaharibika nayo, na unateleza kama kambare. Hii si bahati mbaya. Hii ni kazi ya mkono wa mtu."

Bujiku alipiga meza kwa kofi, bisibisi zikaruka. "Mkono wa mtu! Shemeji, umesikia? Mlinipinga! Ametia mafuta yake ya uganga ndani ya sauti ya baba yangu, halafu akacheka mbele yetu!" Tayari alikuwa ametoa simu mfukoni. "Amekimbilia Migato akidhani ni mbali. Leo hii napeleka vijana. Nitawaambia wachome..."

"Ni mimi," Esteria alisema.

Hawakumsikia. Bujiku alikuwa akitafuta namba.

"Ni mimi!" Alipiga kelele mpaka watu wa kibanda cha jirani wakageuka. "Baba mkubwa, usipige simu! Mpira niliuchukua mimi kwenda kuchezea shuleni. Ukalegea. Nikaupaka mafuta ya kukaangia ili upone. Bibi Milembe hajafanya kitu. Hajafanya kitu kabisa!"

Mama yake alikalia kiti cha wateja, mkono mdomoni.

"Ulijua," alisema. "Siku zote hizi ulijua. Jiwe liliporushwa, ulijua. Alipotusalimia pale uwanjani, ulikuwa umekaa pale, unajua."

"Niliogopa, mama."

Simu ilikuwa bado mkononi mwa Bujiku. "Mafuta," alisema polepole. "Nani alikufundisha kupaka mafuta?"

"Wewe, baba mkubwa. Kamba za nira."

Bujiku akairudisha simu mfukoni, akatoka nje akasimama akiangalia mabasi. Alikaa huko muda mrefu.

Fundi Dastan aliendelea na kazi yake. Alifuta kigurudumu na ukingo wa sahani kwa pamba iliyotiwa spiriti, mpaka pamba ikaacha kutoka nyeusi. Akatafuta mpira mwingine katika redio mbovu za kaseti. Wa kwanza ulikuwa mfupi, ukaibana mota mpaka ikanguruma. Wa pili ulikaa sawasawa. Akachora alama ya chaki kwenye ukingo wa sahani.

"Binti, futa machozi, nahitaji macho yako. Kila alama ikipita hapa, hesabu moja. Mimi naangalia saa."

Esteria akahesabu. Ikawa hamsini. "Inakimbia," fundi akasema, akazungusha kiskrubu kidogo pembeni ya mota kwa bisibisi nyembamba. Wakahesabu tena, na tena, mpaka ikawa arobaini na tano. Ndipo akaweka sindano.

Babu Mayunga akaimba, sauti pana iliyotulia, isiyomwogopa yeyote. "Wenzangu, mko wapi?" Na kutoka kwenye kisanduku cha kijivu Milembe akajibu kwa ujana wake wote. Bujiku, kule nje mlangoni, alifunika uso kwa kofia.

Nyumbani Esteria alipiga magoti mbele ya Bibi akasema yote mwenyewe, mama yake hakumsaidia hata neno. Alingoja fimbo. Alitamani hata iwe fimbo. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Alinisalimia mara mbili. Wewe uliogopa, wewe ni mtoto. Mimi niliogopa nini?" Hakuingia ndani usiku ule mpaka mama yake Esteria alipomshika mkono kumwingiza.

Asubuhi walikwenda Migato wote wanne. Bujiku alibeba kigoda, Esteria alibeba kinanda. Walimkuta Milembe kwenye kibanda nyuma ya nyumba ya Maganga, akiokota mawe kwenye mchele. Bibi Nyanjige alianza yeye, akainama kuliko anavyoinama mtu wa umri wake.

"Mwangaluka, mayu."

Milembe alinyanyua macho. Alimtazama kwa muda, vidole bado vimo kwenye mchele. Sote tungemwelewa kama angenyamaza.

"Mwangaluka," alijibu. "Karibuni."

Esteria akaungama mara ya tatu, na hii ilikuwa ngumu kuliko zote. Bujiku aliomba radhi akiangalia chini, akaahidi atasimama bombani na kanisani aseme mbele ya watu wote, kwa kinywa kile kile alichomsingizia nacho. Akasema mkokoteni wake uko tayari, ampakie Milembe amrudishe Nkololo leo leo.

"Kaseme, mwanangu," Milembe alisema. "Ukaseme kweli, si kwa ajili yangu peke yangu. Kuna vikongwe wengine pale. Lakini mimi sirudi."

"Milembe, mwenzangu," Bibi alisema, machozi yakimtiririka.

"Sirudi, Nyanjige. Nimekusamehe, na Jumapili ukitaka kuja, njoo, utanikuta. Ila siwezi kulala tena chini ya lile bati. Kila kunguru akitua juu yake nitadhani ni jiwe." Akakipokea kigoda kutoka kwa Bujiku, akakiweka chini, akakikalia. "Wabeja," akashukuru. "Nilikuwa nakikumbuka."

Kisha akamwita Esteria, akamshika mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto.

"Nikwambie kitu, mjukuu wangu, ukae nacho. Kuchukua mpira lilikuwa kosa la mtoto. Kupaka mafuta ilikuwa kutojua. Hayo yote fundi ameyaondoa kwa pamba na spiriti. Lakini uliniona nimesimama juani nikisubiri salamu, na ukweli ulikuwa mdomoni mwako. Ungeusema siku ile, ungepigwa, ungelia, na jioni yake ningekuwa nyumbani kwangu. Umeusema, nashukuru, umeniokoa na mabaya zaidi. Lakini umechelewa, na kuchelewa kwako kumenigharimu nyumba yangu. Siku nyingine ukikosea, sema mapema, kabla mtu mwingine hajakulipia."

"Nimesikia, bibi," Esteria alisema, na safari hii hakutoa sababu yoyote.

Milembe aliifuta santuri kwa pindo la kitenge chake, taratibu kama zamani, na Bibi akaweka sindano. Walisikiliza bila utani. Jua lilipogeuka wakaaga, wakarudi Nkololo.

Jumapili iliyofuata Bujiku alisimama kanisani, kisha bombani, akasema kama alivyoahidi, na wanawake waliangalia ndoo zao. Joyness alikuwepo na mama yake. Alijitwika ndoo yake upesi akaondoka. Alasiri Esteria alifagia uwanja mpaka kwenye ua wa minyaa, akakwepa kwa mazoea mahali kilipokuwa kigoda, ingawa hapakuwa na kitu. Bibi akatoka na kinanda. Safari hii alimwita Esteria aifute santuri.

Sahani ikazunguka kwa mwendo wake sahihi. "Wenzangu, mko wapi?" Babu Mayunga aliuliza.

"Tupo hapa," Milembe akajibu, "hatujaondoka!"

Ng'ambo ya ua mlango wa nyumba yake ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na majani yameanza kuota kizingitini. Esteria alikaa chini miguuni kwa Bibi yake na kuusikiliza wimbo mpaka mwisho.